Ukuta Ndio Unaochagua Mashine

Vitabu na video nyingi zinazomfundisha mtu kutengeneza nyumba yake mwenyewe hutoka Marekani, na orodha zake za mashine hazipishani sana: drili ya betri kwanza, msumeno wa duara wa pili, kisha mashine ya kufungia skrubu, kisha ya msasa. Ni orodha sahihi kwa nyumba za huko. Nyumba nyingi za Marekani husimama kwa fremu ya mbao, na kuta zake za ndani ni za jipsamu ambayo mtu anaweza kuitoboa kwa bisibisi ya mkono. Mwenye nyumba wa Mbagala, Kitengela au Likoni akienda dukani na orodha hiyo atarudi na mashine nzuri zisizoweza kumtundikia hata pazia.

Nimetaja pazia kwa makusudi. Ni kazi ya kwanza ya kila anayehamia nyumba mpya, na kwa macho inaonekana kazi ndogo. Fimbo ya pazia hufungwa juu ya dirisha. Juu ya dirisha, nyuma ya lipu, kuna linta: mkanda wa zege lenye kokoto na nondo, uliomwagwa ili ubebe matofali ya juu. Sehemu ngumu kuliko zote ukutani ndiyo hiyo hiyo tunayotaka kuitoboa kwanza. Drili ndogo ya kawaida, hata ile yenye alama ya nyundo, hupita lipu bila shida, sentimita moja na nusu au mbili, kisha hugonga kokoto na kusimama. Fundi anaegemea kwa uzito wa mwili wote. Biti inapiga kelele, ncha yake inageuka buluu, mota inaanza kutoa harufu ya kuungua, na tundu haliongezeki. Mwishowe anaiweka drili chini, anachukua nyundo na misumari ya zege, lipu inabanduka pande zima, na mwenye nyumba anaambiwa kwamba ukuta wake ni mbaya. Ukuta ni mzuri. Mashine ndiyo haikuwa ya kazi hiyo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shambani huenda ni kweli. Kwenye zege si kweli hata kidogo, na hoja ya sura hii ni hiyo moja: kabla hujauliza bei ya mashine yoyote, jua nyumba yako imejengwa kwa nini. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya saruji, mawe ya kuchongwa, zege, vigae na chuma. Mbao zipo darini, milangoni na kwenye makabati, lakini hazibebi kuta. Kwa hiyo mpangilio wetu wa kununua ni tofauti: kwanza mashine ya kutoboa zege, pili mashine ya kukata chuma na vigae, na ya mbao inafuata baadaye kadiri mfuko unavyoruhusu.

Drili ya kushika mkononi si kitu cha jana. Kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitoa drili ya umeme ya mkononi mwaka 1895, chombo kizito kisicho na umbo tunalolijua leo. Umbo la bastola, lenye mpini na kitufe cha kuvuta kwa kidole, lilitoka kwa Wamarekani wawili wa Baltimore, S. Duncan Black na Alonzo Decker, waliopata hataza yake mwaka 1917. Lakini kwa sisi watu wa zege hatua kubwa ni mbili nyingine, na zote ni za Bosch: mwaka 1932 walipotoa mashine inayozungusha biti huku ikiipiga kwa nyundo ya ndani, na mwaka 1975 walipoleta mfumo wa SDS wa kushika biti.

Tofauti iliyopo kati ya drili ya kawaida yenye alama ya nyundo na drili ya SDS inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu wauzaji wengi huzichanganya. Ndani ya drili ya kawaida mna sahani mbili za chuma zenye meno. Ukiweka alama ya nyundo, meno ya sahani moja hupanda na kushuka juu ya meno ya nyingine, na mtetemo huo ndio unaoitwa nyundo. Mapigo ni mengi mno, makumi ya maelfu kwa dakika, lakini kila pigo ni hafifu, na nguvu yake inategemea unavyosukuma. Ndiyo maana fundi huchoka na tundu halisogei. Ndani ya drili ya SDS mna pistoni. Mota inaisukuma mbele na nyuma ndani ya silinda, hewa inabanwa kama kwenye pampu ya baiskeli, na hewa hiyo ndiyo inayorusha kipande cha chuma kikapiga kitako cha biti. Mapigo ni elfu nne au tano hivi kwa dakika, machache kuliko ya ile nyingine, lakini kila moja lina uzito wa kupasua kokoto. Biti yenyewe haikazwi kwa meno ya mdomo. Ina mkia wa milimita 10 wenye mifereji. Unaisukuma ndani, inajifunga yenyewe, na inaachiwa nafasi ya kuteleza mbele na nyuma ili ipokee pigo.

Matokeo yake ni kwamba hutakiwi kusukuma. Unaielekeza mashine, unaishika imara kwa mikono miwili, unaiacha ifanye kazi. Tundu la milimita 6 kwenye linta, lile lililomtoa jasho fundi wa pazia, huchukua chini ya nusu dakika.

Mashine ya aina hii yenye nguvu ya wati 700 au 800 inatosha kabisa kwa nyumba. Ina kazi tatu: kuzungusha tu, kuzungusha na kupiga, na kwenye nyingi kupiga tu. Hiyo ya tatu inakupa tindo la umeme la kung'olea vigae vya bafuni au kuchimbia njia ya bomba. Ukiongeza kipande cha mdomo wa kawaida chenye mkia wa SDS unaweza kutumia biti za mbao na chuma pia, ila kwa kuzungusha tu. Ukisahau kuondoa alama ya nyundo ukiwa na mdomo huo, mdomo unaharibika na biti inavunjika. Uzito wa mashine, karibu kilo tatu, ni kero ukiwa juu ya ngazi, na kwa kazi laini za mbao si chaguo zuri. Hata hivyo, mtu anayeishi kwenye nyumba ya tofali akiniuliza anunue mashine gani moja, jibu langu ni mashine hii bila kusita.

Si kila ukuta unahitaji kupigwa, hata hivyo. Matofali mengi ya saruji yanayofyatuliwa mitaani yana mchanga mwingi kuliko inavyopaswa, na ukiyatoboa kwa nyundo tundu linapanuka kuliko biti. Angalia vumbi. Likitoka unga laini wa kijivu, tofali ni zuri. Likimwagika kama mchanga mkavu na biti ikazama bila upinzani, zima nyundo, toboa kwa kuzungusha tu, tumia biti iliyo ndogo kwa milimita moja, kisha weka fisha ndefu zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, nazo hazitaki nyundo. Mtetemo unalegeza chokaa inayoshikilia mawe na lipu ya miaka mingi inaachana na ukuta. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa kuta za huko kuna pia suala la kibali.

Sasa tutoboe tundu moja kwa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Funga kipande cha solotepu kwenye biti, kwenye urefu wa fisha ukijumlisha nusu sentimita. Solotepu ikigusa ukuta, simama. Anza kwa mwendo wa polepole bila nyundo mpaka ncha ipate kishimo chake, la sivyo itateleza na kukwangua rangi. Weka nyundo, toboa, na mara moja au mbili itoe biti nje ikiwa inazunguka ili ivute vumbi. Ukimaliza, safisha tundu. Tumia mrija, brashi nyembamba au pampu, na uso wako uwe pembeni. Fisha iliyokaa juu ya vumbi hujisikia imara siku ya kwanza, na baada ya miezi michache ya kuvuta pazia inatoka na skrubu yake. Fisha ya nailoni, aliyoibuni Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958, hushika kwa kutanuka. Skrubu inapoingia, kuta za fisha husukumwa kwenye kuta za tundu. Vumbi likiwa katikati yao, hakuna kinachoshika. Fisha ya 6 inataka biti ya 6 na skrubu ya milimita 4 hadi 5. Ukiweka skrubu ya milimita 3 haitanuki, hata ukiikaza mpaka kesho.

Kabla ya hayo yote, tazama swichi na soketi zilipo. Nyaya ndani ya kuta zetu hupita kwenye mabomba ya plastiki, na kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye swichi kwenda darini, au hupanda na kushuka kwenye soketi. Usitoboe kwenye mstari huo, juu wala chini yake. Fanya vivyo hivyo kwa bomba la maji juu ya koki na beseni. Kama nyumba ni ya zamani na hujui aliyeweka umeme alipitisha wapi, zima swichi kuu na utumie mashine kwa umeme wa jirani au wa betri.

Mashine ya pili ni grainda, na kwayo nitakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko zote kwenye ujenzi wetu na ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1954 na kampuni ambayo leo inajulikana kwa jina la FLEX. Kwetu hukata nondo, husawazisha maungio ya geti yaliyochomelewa, hukata mabati, vigae na tofali, huchana ukuta ili waya upite, hung'arisha chuma chenye kutu kabla ya kupakwa rangi. Nenda kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, utaisikia kabla hujaiona.

Grainda ndogo hubeba diski ya milimita 115 au 125, na kubwa hubeba ya milimita 230. Ile ya 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Diski ya kukatia chuma ina unene wa milimita moja hadi tatu tu, na si chuma. Ni chembe za kusagia zilizogandishwa kwa gundi na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi. Kinachoizuia isisambaratike ni gundi hiyo, na kinachokukinga ikisambaratika ni kava.

Kava ndiyo kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hukifungua na kukitupa. Sababu wanazotoa zinaeleweka: inazuia kuona, inazuia kufika kwenye kona, na inazuia kufunga diski kubwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua. Diski ya milimita 230 imeandikwa mwendo wake wa mwisho, mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, yaani mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Ukiifunga kwenye grainda ndogo ya mizunguko 11,000, ukingo unakwenda mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa, na nguvu inayoivuta diski ipasuke inaongezeka mara 2.7. Hapo kava imeondolewa ili itoshe, na uso wa fundi uko usawa wa diski. Vipande vinavyoruka havikupi nafasi ya kuinama.

Diski ya meno ya msumeno wa mbao ikifungwa kwenye grainda ni hatari nyingine ya namna hiyo hiyo. Nimeiona mara nyingi kwenye karakana za milango. Meno yakinasa kwenye fundo la mbao, mashine hurudi nyuma kwa ghafla kumwelekea aliyeishika, na grainda haina kitu chochote cha kuizuia. Msumeno wa duara umewekewa kava inayojifunga, bamba la kukaa juu ya mbao, na mwendo wa mizunguko 5,000 hivi. Grainda haina hata kimoja. Kama unataka kukata mbao, tafuta msumeno.

Kuna jambo moja wanunuzi wachache hulitazama. Katikati ya diski ya kukatia, kwenye kile kipete cha chuma, huchapwa mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi hunyonya unyevu na kudhoofika. Pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Diski iliyokaa miaka kwenye rafu ya duka la mtaani, au iliyoanguka sakafuni ikapata ufa usioonekana, isiwekwe kwenye mashine. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Wakati wa kukata, diski ya kukatia hukata kwa ukingo tu. Usiilaze kusagia, diski ya kusagia ni nyingine, nene, ya milimita 6 hivi. Simama pembeni ya mstari wa diski, si nyuma yake. Kipande unachokata kishikwe na jiliwa, na upande unaoanguka uachwe uanguke wenyewe, maana ukijipinda ndani utaibana diski. Cheche zielekee mahali ambapo hakuna mtungi wa gesi, godoro, wala mtoto anayetazama. Miwani ni lazima. Miwani ya jua haihesabiki, wala kukunja jicho moja. Ndala si viatu vya kazi hii, na ncha za kitenge, kanzu au mikono mipana ya shati zifungwe au zivuliwe.

Kwa vigae na tofali unatumia diski ya almasi: yenye ukingo mzima usiokatika kwa vigae, yenye ukingo wa vipande vipande kwa zege na tofali. Hapo adui si cheche, ni vumbi. Zege, kigae na mawe vina silika, na vumbi lake laini, lile lisiloonekana vizuri kwa macho, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna tiba. Kitambaa puani hakizuii vumbi hilo. Barakoa ya daraja la FFP2 au FFP3 huzuia, na maji huzuia zaidi. Tumia mashine ya kukatia vigae yenye beseni la maji, au mkataji wa mkono wa kukwaruza na kuvunja, ambao kwa mistari iliyonyooka ni wa haraka, hauna vumbi wala kelele na hautumii umeme. Mwenye nyumba ya zamani yenye paa la asbesto asiliguse kwa grainda wala drili kwa sababu yoyote ile.

Tukija kwenye mbao, msumeno wa kwanza wa kununua ni jigsaw. Mwaka 1946 huko Uswisi, mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akaweka wembe wa msumeno mahali pake, na mashine hii ikazaliwa. Hukata mistari iliyopinda, hutoboa nafasi ya sinki kwenye meza ya jikoni, na ikiponyoka haikurudii kwa nguvu kama ya diski. Wembe wake wa kawaida hukata unapopanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaomeguka. Bodi za MDF zenye ngozi ya rangi, zile za makabati, zilaze uso mzuri ukiwa chini, chora upande wa nyuma, kata. Msumeno wa duara una faida kwa anayekata bodi nyingi ndefu. Kwa mtu wa nyumba moja, duka la bodi litamkatia kwa mashine kubwa iliyonyooka kuliko mkono wake. Randa ya umeme iache kwa seremala. Mashine ya msasa ni nzuri ukiwa na milango ya mninga ya kung'arisha, na uvae barakoa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Sasa betri. Mashine za betri zina sifa moja kubwa kwetu: umeme ukikatika kazi inaendelea. Kwa kufunga skrubu, bawaba, dari na makabati, drili ndogo ya betri ni raha tupu. Ila jua hesabu yake. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 (4 Ah) imebeba wati-saa 72. Grainda ya wati 850 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote itazimaliza kwa dakika tano. Kwa hiyo betri kwa skrubu na mbao, waya kwa grainda na zege, mpaka siku utakapomudu betri kubwa kadhaa.

Tena usinunue namba iliyobandikwa nje. Sokoni zimejaa mashine zilizoandikwa 48V, 88V, hata 128V kwa bei ya kutupa. Nyingi ya betri hizo ukizifungua unakuta seli tano tu zilizounganishwa kwa mstari. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, na ikijaa kabisa 4.2. Mara tano ni 18, na zikijaa ni 21. Hata ile 20V ya makampuni makubwa na 18V ya wenzao ni betri zenye seli tano zile zile, zimehesabiwa kwa nyakati tofauti. Linganisha Ah, uzito, na kama duka linauza betri moja moja mwaka ujao.

Mashine za mtumba kutoka Uingereza zinazouzwa mjini nyingine ni imara sana, ila zipo zenye plagi ya duara ya njano. Hizo ni za volti 110, kwa kuwa Waingereza hutumia umeme huo kwenye maeneo ya ujenzi kwa usalama. Mwuzaji akikata plagi ya njano na kufunga ya pini tatu za bapa, mashine haijawa ya volti 230. Itanguruma kwa nguvu ya ajabu sekunde chache, kisha moshi. Ndugu akikutumia drili kutoka Marekani, ni volti 120, na chaja yake pia inaweza kuwa hivyo. Soma bamba lenye maandishi kwenye mwili wa mashine, wala usiitazame plagi. Ukiipenda sana, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati zinazozidi za mashine.

Ekstensheni nayo ni sehemu ya mashine. Grainda kubwa ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ukiiunga kwenye waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50, volti 21 hivi zinapotea njiani na karibu wati 180 zinageuka joto ndani ya waya. Mashine inachoka, na waya ukiwa umezungushwa kwenye kigurudumu chake unayeyuka. Waya wa 2.5 hupoteza volti 6 au 7 tu. Ukunjue wote kabla ya kuwasha. Na kama kuna pesa ya kitu kimoja cha kuboresha kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba, ni kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kitufe kidogo cha kujaribia, kilichoandikwa 30 mA.

Mota za mashine hizi za waya nyingi hutumia kaboni mbili ndogo zinazopeleka umeme kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Zikiisha, cheche huongezeka kwenye matundu ya hewa, mashine inapunguza mwendo, inakatakata. Hapo wengi huiuza kwa bei ya chuma chakavu. Jozi ya kaboni ni rahisi kupata na kwenye mashine nyingi hubadilishwa kwa bisibisi. Ukichelewa, amecha inaungua, na kusuka mota upya kunakaribia bei ya mashine ndogo mpya. Kwa hiyo, ukiwa dukani, uliza kwanza kama kaboni na swichi za mashine hiyo zinapatikana. Kama mwuzaji hajui, nenda duka la pili.

Mashine kubwa ya kubomolea zege na ya kushindilia udongo zikodi kwa siku moja; hazina kazi ya kudumu nyumbani.

Kwa bajeti ndogo, anza hivi: drili ya SDS ya wati 800, biti tatu nzuri za milimita 6, 8 na 10, pakiti za fisha na skrubu za vipimo hivyo, miwani, na barakoa. Grainda ya milimita 115 iongeze baadaye, na ikija, kava yake ibaki ilipofungwa kiwandani. Fundi unayemwita nyumbani akifika na grainda isiyo na kava, mwambie hapana, hata kama amekuja na sifa za mtaa mzima, na umlipe nauli arudi kuichukua.